MOYO UENDAPO MBIO GHAFLA: Dawa ya Sekunde Kumi na Umbali wa Saa Kumi

Katika maradhi yanayomshika mwanadamu ghafla, ni machache yanayotisha kama lile la moyo kutoka mbio pasipo kufukuzwa. Mtu alikuwa mzima saa ile ile: anachimba ngolo zake za mahindi na maharage katika miteremko ya Mbuji, au anaanika kahawa, au anavuta nyavu ufukoni Liuli, au amekaa ofisini Mbinga mjini akiandika hesabu za chama cha ushirika. Mara kifua kinaanza kupiga kama ngoma. Shingo inacheza, jasho jembamba linamtoka, macho yanaona giza, na pumzi inakuwa fupi. Pengine baada ya dakika kumi moyo hutulia wenyewe, kwa ghafla kama ulivyoanza. Pengine hautulii kwa saa sita.

Ndugu wasomaji, jambo hili lina sababu yake, na lina dawa yake. Tena dawa hiyo ni katika maajabu ya utabibu, kwa kuwa ikiisha kuingia mshipani humaliza kazi yake kwa muda mfupi kuliko muda wa kuisoma aya hii. Lakini dawa ya sekunde kumi haimfai kitu mtu aliye mbali nayo kwa saa kumi, wala haimfai mtu aliye karibu nayo ikiwa hapana anayejua ni wakati gani itolewe na ni wakati gani isitolewe. Hapo ndipo penye shauri letu la leo.

UMEME WA MOYO

Moyo ni pampu, lakini ni pampu inayojiendesha kwa umeme wake wenyewe. Katika chumba cha juu, upande wa kulia, pana kifundo kidogo kitoacho cheche. Cheche hiyo huenea katika vyumba viwili vya juu, kisha hupita katika lango moja lililo katikati ya moyo. Langoni hucheleweshwa kidogo ili vyumba vya chini vipate kujaa damu. Ndipo hushuka, na vyumba vya chini vikajikaza na kuisukuma damu mwilini. Kwa mtu mzima aliyepumzika, jambo hili hutendeka mara 60 hadi 100 kwa dakika, mchana na usiku, bila ya likizo.

Sasa, wako watu waliozaliwa na njia mbili penye lango lile badala ya moja. Wengine wana uzi wa ziada unaoviunganisha vyumba vya juu na vya chini mahali ambapo haukustahili kuwapo. Habari ya uzi huo ilielezwa mwaka 1930 na madaktari watatu, Louis Wolff na Paul Dudley White wa Marekani na John Parkinson wa Uingereza. Mtu aweza kuishi na njia hiyo ya pili miaka mingi bila kujua. Lakini siku moja cheche hushuka kwa njia hii na kupanda kwa ile, ikashuka tena na kupanda tena, ikizunguka kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Kila mzunguko ni pigo moja la moyo. Basi mapigo hufika 150, 200, hata 250 kwa dakika.

Tufanye hesabu kidogo. Moyo unaopiga mara 75 kwa dakika hupewa sekunde 0.8 kwa kila pigo. Moyo unaopiga mara 200 hupewa sekunde 0.3 tu. Ni kama mtu ateremshaye ndoo kisimani na kuivuta kabla haijajaa: ajitahidipo kuharakisha, ndipo apatapo maji machache. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na hapana mahali ambapo neno hilo ni kweli kama ndani ya kifua cha binadamu.

SI KILA MOYO WA MBIO NI UGONJWA WA MOYO

Kabla ya kusema habari za sindano, yatupasa kuonya juu ya jambo moja kubwa. Mara nyingi moyo huenda mbio kwa sababu ya haki. Mwenye homa ya malaria moyo wake huenda mbio. Aliyeishiwa maji kwa kuhara na kutapika, vivyo hivyo. Mama aliyevuja damu nyingi baada ya kujifungua, moyo wake huenda mbio kwa kuwa damu iliyobaki ni haba na yapasa kuzungushwa upesi. Moyo wa namna hii haukosei, unamtetea mwenyewe. Ukimpa mtu huyo dawa ya kuupunguza mwendo moyo wake, umempokonya silaha yake ya mwisho. Anachohitaji ni damu, maji, au dawa ya malaria.

Basi tofauti ni nini? Moyo unaokimbia kwa homa au kwa upungufu wa damu hupanda taratibu na kushuka taratibu, na mwendo wake hubadilika mgonjwa anapolala au anapopewa maji. Ule wa njia mbili huanza kwa ghafla na kukoma kwa ghafla, na wakati unapokimbia hushika mwendo ule ule, awe mgonjwa amelala au ameketi. Mgonjwa mwenyewe aweza kumwambia mganga: "Ulianza saa nne kasoro dakika tano, nilipokuwa nikiinama." Neno hilo moja la mgonjwa lina thamani kubwa.

Lakini shahidi wa hakika ni mashine ya kupima umeme wa moyo. Mashine hiyo ilimpatia Mholanzi Willem Einthoven Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Ile ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na kuiendesha kulitaka watu watano. Ya leo huchukuliwa kwa mkono mmoja, na huchora mistari ya moyo katika karatasi kwa muda wa dakika chache. Kama mistari ya mapigo ni myembamba na inakwenda kwa utaratibu, ugonjwa u katika lango au juu yake. Kama mistari ni mipana, yafaa mganga ashike tahadhari na afikiri kwamba mbio zinatoka katika vyumba vya chini. Mbio hizo za chini ndizo zenye kuua upesi.

SIRINJI TUPU

Tiba ya kwanza haina hata tone la dawa. Iko mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka kichwani hadi moyoni, na kazi yake moja ni kulipunguza kasi lango lile la kati. Mtu akijikaza kama anayekwenda choo kigumu, mishipa hiyo huamka. Kwa miaka mingi waganga waliwaambia wagonjwa wajikaze, na wachache tu walipona. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uingereza juu ya wagonjwa 428. Nusu yao walijikaza kwa kupuliza wakiwa wameegemea, wakabaki hivyo. Nusu ya pili walipuliza vivyo hivyo kwa sekunde 15, kisha mara moja wakalazwa chali na miguu yao ikainuliwa kwa nyuzi 45 kwa sekunde 15 nyingine. Katika kundi la kwanza, waliorudi katika mwendo wa kawaida walikuwa 17 kwa kila mia. Katika kundi la pili walikuwa 43 kwa kila mia.

Tazameni jambo hilo, ndugu. Kuinua miguu tu! Na kipimo cha kupuliza chaweza kupatikana kwa sirinji ya mililita 10: mgonjwa hupuliza katika mdomo wa sirinji kwa nguvu ya kutosha kuisogeza ile pampu yake. Sirinji haikosekani katika zahanati yoyote. Kwa hiyo mwuguzi aliye peke yake mlimani, akiisha kumpima mgonjwa na kumwona kuwa hana dalili za hatari, anayo silaha ya kwanza mkononi mwake.

SINDANO IENDAYO MBIO

Ikiwa kupuliza hakukufaa, ndipo huja adenosini. Mwaka 1929, Alan Drury na Albert Szent-Györgyi, waliokuwa wakifanya kazi Cambridge, walieleza kwamba kitu cha jamii hii, kilichomo ndani ya mwili wenyewe, kikitiwa katika damu ya mnyama huupunguza mwendo moyo wake. Miaka 60 ilipita kabla ya elimu hiyo kuwa dawa ya kawaida kwa wagonjwa hawa. Marekani iliipa idhini mwaka 1989.

Adenosini hulifunga lango la kati kwa nukta chache. Cheche iliyokuwa ikizunguka hukuta mlango umefungwa, ikazimika. Kisha kile kifundo cha juu hushika tena uongozi wake. Lakini dawa hii huharibika katika damu upesi mno: nusu yake hutoweka kabla ya sekunde 10. Kwa sababu hiyo namna ya kuitia ni muhimu kama dawa yenyewe. Haitiwi katika mshipa mwembamba wa nyuma ya kiganja, bali katika mshipa mkubwa wa penye kiwiko. Hutiwa miligramu 6 kwa mkupuo mmoja, na papo hapo hufuatishwa mililita 20 za maji ya chumvi ili kuisukuma ifike moyoni ingali na nguvu, huku mkono ukiinuliwa. Isipofaa, hutiwa miligramu 12. Ikitolewa kwa utaratibu huu, zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi hupona mbio hizo.

Na mgonjwa lazima aambiwe kabla. Kwa nukta kadhaa moyo husimama, kifua hubana, uso huwaka moto, na wengi husema kwamba waliona mauti. Mambo hayo hupita kabla mtu hajamaliza kuyaeleza. Mganga asiyemwambia mgonjwa wake habari hiyo amemfanyia ukatili pasipo sababu. Tena asimpe mtu mwenye pumu dawa hii, maana yaweza kuyabana mapafu yake.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi watu wa nchi ya kahawa. Ile nguvu iliyo katika kahawa, inayomwamsha mtu asubuhi, hukaa katika viti vile vile vya mwili ambavyo adenosini huvitafuta. Mgeni akikuta kiti kimekaliwa, atasimama nje. Imeonekana kwamba mtu aliyekunywa kahawa katika muda wa saa 4 zilizopita, adenosini humfaa kidogo kuliko mwingine. Aminofilini, ambayo imetumika sana kwa watu wenye pumu, nayo hufanya hivyo. Basi katika milima ya Umatengo, swali la "Umekunywa kahawa leo?" ni swali la tiba kamili.

SINDANO IENDAYO POLEPOLE

Penye upungufu wa adenosini, iko dawa nyingine ya kale na ya bei nafuu, nayo ni verapamili. Imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na lignokaini na digoksini, na amiodaroni katika sehemu yake ya nyongeza. Verapamili huzuia chokaa ya damu isiingie katika chembe za moyo, na hivyo hulipunguza lango kasi. Tabia yake ni kinyume cha ile ya kwanza. Adenosini hutiwa kwa kasi. Verapamili hutiwa taratibu, miligramu 5 hivi kwa muda usiopungua dakika 2, na kwa mzee dakika 3, huku msukumo wa damu ukipimwa. Mwenye kuitia kwa pupa aweza kumwangusha mgonjwa.

Na hapa twataka kusema wazi. Verapamili akipewa mtu ambaye mbio zake zatoka vyumba vya chini, yaweza kumwua. Akipewa mwenye ule uzi wa ziada ambaye vyumba vyake vya juu vinatetemeka ovyo, mapigo yote yaweza kumiminika kwa njia ya uzi ule hadi moyo ukapoteza kazi. Kwa hiyo, ambapo mistari ya mashine ni mipana, verapamili isiguswe. Penye mbio za chini kwa mtu ambaye msukumo wake wa damu bado unasimama, waganga hutumia amiodaroni, miligramu 150 kwa muda wa dakika 10, au lignokaini ambayo madaktari wa meno huitumia kila siku kutia ganzi. Na mgonjwa akiwa amezimia, au msukumo wa damu umeanguka, au kifua kinamwuma sana, au mapafu yamejaa maji, saa ya sindano imekwisha pita. Hapo hutumika mashine ya kuustua moyo kwa umeme, na kungoja ni kosa.

DAWA ILIYOTUJIA KWA NJIA YA MALARIA

Wasomaji watapenda kujua kwamba mojawapo ya dawa za kwanza za mapigo mabaya ilitokana na kwinini, dawa ambayo wazee wetu waliijua kwa uchungu wake. Mwaka 1914 daktari Mholanzi Karel Wenckebach alieleza habari za mfanyabiashara aliyegundua mwenyewe kwamba kwinini ilimtuliza moyo uliokuwa ukipiga ovyo. Miaka michache baadaye, mwaka 1918, ndugu yake kwinini, aitwaye kwinidini, alionekana kuwa na nguvu zaidi. Lakini kisu kilicho kikali hukata pande zote: kwinini ikitiwa mshipani kwa haraka yaweza kuuvuruga moyo uliokuwa mzima. Ndiyo maana waganga waliitia kwa dripu ya saa nyingi, mpaka Shirika la Afya Duniani liliposhauri sindano za atesuneti kwa malaria kali, kwa wakubwa na watoto.

Somo ni moja kwa dawa hizi zote. Kila dawa inayoweza kuunyosha moyo yaweza pia kuupinda. Hakuna dawa ya mshipani ya moyo inayofaa kutolewa kwa kubahatisha, wala dukani, wala nyumbani.

UMBALI NI UGONJWA PIA

Sasa tuitazame nchi yetu. Kwa mgonjwa wa Mbuji, njia ya tiba ni ndefu: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya Mbinga au ile ya Litembo. Wa ziwani wanayo Hospitali ya Mtakatifu Anna huko Liuli. Mbele zaidi ni Peramiho, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Songea, kadiri ya kilometa 100 kutoka Mbinga. Na Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900. Barabara ya lami imefika Mbamba Bay, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kutoka kijijini hadi kwenye lami bado mvua ya masika ndiyo inayoamua.

Tumepiga hatua, hapana shaka. Mwaka 2010 ilifunguliwa idara ya tiba ya dharura katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na madaktari wa fani hiyo wakaanza kufundishwa papo hapo. Mwaka 2015 iliundwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako njia ile ya pili ya umeme yaweza kuunguzwa kwa mrija mwembamba upitao mshipani, mgonjwa akaachana na mbio hizo kabisa. Lakini mtu hapelekwi kilometa 1000 ili atuliziwe moyo unaokimbia saa hii. Moyo wa saa hii yapasa utulizwe karibu, na safari ya Dar es Salaam ije baadaye, kwa miadi, mgonjwa akiwa na karatasi ya mistari ya moyo wake mkononi.

Kinachotakiwa karibu si kikubwa. Ni mashine ya kupima umeme wa moyo yenye karatasi na betri; oksijeni; adenosini au verapamili isiyopitwa na tarehe; mashine ya kuustua moyo; na zaidi ya vyote, mtu aliyefundishwa kuisoma ile mistari. Mashine bila mtu ni sanduku. Mtu bila mashine hubahatisha. Siku hizi picha ya karatasi hiyo yaweza kupelekwa kwa simu kwa daktari wa Songea au Muhimbili, naye akajibu kabla maji ya chai hayajachemka. Na kuhusu usafiri, mpango wa m-mama, ambao kwa namba ya simu 115 huwachukua wajawazito na watoto wachanga walio katika hatari, umetuonyesha kwamba umbali waweza kushindwa pale penye utaratibu. Kilichowezekana kwa mzazi chawezekana kwa mwenye moyo.

YATUPASAYO

Kamati za afya za vijiji na madiwani wetu wasiulize tu kama jengo limekamilika. Waulize pia ndani ya jengo mna nini, na nani anajua kukitumia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kadi ya bima itakuwa na maana ikiwa dawa iliyoandikwa ipo rafuni.

Nasi wananchi tunayo sehemu yetu. Mwenzetu akishikwa na mbio za moyo, tusikimbilie kusema amerogwa au ana mashetani, wala tusimzunguke kwa kelele. Tumkalishe, tuhesabu mapigo yake kwa dakika moja kamili kwa saa, tuandike yalianza lini, kisha apelekwe hospitali, asiendeshe pikipiki mwenyewe. Akizimia, akibanwa kifua au akihema sana, tusipoteze hata dakika ya kumtafutia dawa ya kienyeji. Akifika, amwambie mganga kama ana pumu, amekunywa nini, na anatumia dawa gani. Aombe achukuliwe mistari ya moyo wakati mbio zingali zinaendelea, kwa maana zikiisha koma ushahidi umekwenda nazo. Karatasi ile aitunze kama hati ya shamba.

Yako maradhi ambayo fedha zote za nchi haziwezi kuyaponya. Hili si mojawapo. Sirinji tupu, miligramu chache za dawa, karatasi yenye mistari, na macho yaliyofundishwa kuisoma: vitu hivyo vinne vikikutana mahali pamoja kabla ya jua kutua, mtu hurudi nyumbani kwa miguu yake. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mahali hapo pamoja pako Mbinga na Mbamba Bay, wala si Dar es Salaam peke yake.